Mkoba wa Ngozi wa Askari na Mzigo wa Pagazi

Waswahili wa pwani, ambao lugha yao ilifika hapa kwetu Kisangani pamoja na misafara ya pembe za ndovu, wana methali inayosema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba mzigo ulio kichwani mwa mwingine unaonekana mwepesi, kama gunia lililojazwa usufi. Tunaanza na methali hii kwa sababu ilitukuta sisi wenyewe, walimu na wanafunzi, siku tulipojaribu kutengeneza upya mikoba ya ngozi ya askari wa zamani. Tulifikiri ni kazi ya kukata na kushona tu. Kumbe ilikuwa kazi ya kuuliza: nani alibeba nini?

Namna kazi ilivyoanza

Mwaka wa 2018 ilitimia miaka 100 tangu vita ya 1914–1918 ilipoisha. Katika shule yetu tukaamua siku ya utamaduni ya mwezi wa Novemba iwe ya kuwakumbuka Wakongomani walioingia katika vita ile. Wanafunzi wakubwa wangepita mbele ya wazazi kwa defile, wakiwa wamevaa sawa na askari wa Force Publique, na mwalimu mmoja angesoma historia yao. Tuligawana kazi: wengine nguo, wengine bunduki za mbao, na sisi tukabaki na mikoba.

Mfano wetu ulikuwa picha moja katika kitabu cha zamani cha historia ya Ulaya. Ilionyesha askari wa kizungu na mkoba wa mgongoni wa ngozi, wenye umbo la sanduku, manyoya ya ng'ombe yakiwa bado juu yake. Mikoba ya namna hiyo ilikuwa ya kawaida katika majeshi ya Ulaya. Wajerumani waliingia vitani mwaka wa 1914 wakiwa na mikoba yenye ngozi ya manyoya, kwa sababu manyoya hufanya mvua iteremke bila kupenya haraka. Waingereza walikuwa wamekwisha kuanza kuacha ngozi. Tangu mwaka wa 1908 askari wao wa miguu walipewa vifaa vya pamba nzito iliyofumwa. Sisi tulipenda ile ya manyoya, kwa kuwa ilikuwa nzuri kwa macho. Tukasema, tutashona 12.

Mama mmoja anakataa

Mbele ya kukata ngozi tuliita wazazi tuwaeleze. Wengi walifurahi. Lakini mama mmoja akasimama akasema: "Balimu, mimi sitaki mutoto wangu avae nguo ya basoda. Basoda banatosha hapa."

Hatukuwa na jibu la haraka. Kila mtu wa Kisangani mwenye umri anajua alichokuwa anasema. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku 6. Mabomu yaliyoanguka juu ya nyumba, makanisa na shule yalihesabiwa kwa maelfu, na raia waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Mtoto wa Kisangani hahitaji mchezo ili aelezwe askari ni nani.

Basi tulikaa tena, sisi walimu, tukajiuliza tunafanya defile hii juu ya nini. Kama ni kwa kupendezesha watu na kofia nyekundu, mama yule alikuwa na haki. Kama ni kwa kufundisha, ilitupasa kusema historia yote, na si ile ya tarumbeta peke yake.

Force Publique ilikuwa jeshi la namna gani

Force Publique iliwekwa kwa amri ya tarehe 5 Agosti 1888, wakati Kongo ilikuwa mali ya mfalme Léopold II. Maofisa walikuwa wazungu. Askari wa kwanza wengi walitoka nje, kama vile Wahausa wa Afrika ya Magharibi na watu wa Zanzibar, kisha wakachukuliwa watu wa inchi yenyewe. Jeshi lile lilipigana na Waarabu na Wangwana kati ya mwaka wa 1892 na 1894, na vita ile ilifika hapa penye maporomoko ya Boyoma. Ni jeshi lilelile lililoingia vijijini kulazimisha mpira na pembe. Watu waliliogopa, na Leta wakaiita Bula Matari, jina ambalo mbele lilikuwa la Stanley.

Ngozi nayo imo katika historia hiyo. Fimbo ya Force Publique, ile waliyoiita chikoti, ilikatwa katika ngozi ya kiboko iliyokaushwa. Kiswahili chenyewe kimehifadhi ushuhuda: kiboko ni mnyama wa mtoni, na kiboko ni fimbo. Askari aliyebeba mfuko wa ngozi aliweza pia kupigwa kwa ngozi. Wanafunzi wetu waliposikia hayo darasani, walinyamaza.

Vita ilipofika, jeshi lile lilitumwa kupigana na Wajerumani wa Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1916, chini ya jenerali Charles Tombeur, makundi mawili yalivuka mpaka: kundi la kaskazini la koloneli Molitor na kundi la kusini la Olsen, Mdenmark. Kigali ilitwaliwa tarehe 6 Mei 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, waliingia Mahenge. Wakubwa walipata sifa. Tombeur baadaye aliongezewa jina la Tabora kwa jina lake. Majina ya askari wengi hayakuandikwa mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuyasoma.

Kwa fundi viatu

Hakuna kati yetu aliyejua kushona ngozi. Tukaenda kwa mzee mmoja fundi viatu wa mtaa wa Tshopo, Papa wa miaka zaidi ya 70, anayetengeneza viatu na viti vya toleka, zile baiskeli za kubeba watu. Tulimsalimia, tukamwonyesha picha. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Balimu," akasema, "hii iko ya Mputu. Ya baba yetu haikukuwa hivi."

Akatuambia kwamba babu yake alikwenda katika vita ya Tabora. Tukamwuliza, "Papa, alikuwa askari?" Akajibu, "Hapana. Alikuwa pagazi. Alirudi na alama hapa." Akaweka kidole juu ya paji la uso, mahali kamba ya kitunga hupita.

Lile neno lilitutuma kutafuta picha za askari wa kwetu wenyewe. Tulipozipata tukaona kosa letu. Katika picha za wakati wa vita, askari wa Force Publique wanaonekana na mkanda wa ngozi kiunoni, mfuko wa risasi juu ya mkanda, na mara nyingi blanketi au turubai iliyoviringwa. Sanduku la manyoya tulilolipenda halikuwa lao. Mwanzoni mwa vita wengi walikuwa bado na bunduki ya Albini, ya risasi moja moja, ya milimita 11. Risasi zile zilikuwa nene na nzito. Zilihitaji mfuko mgumu wenye kifuniko, usioingiza maji.

Tulipomletea Papa picha mpya, yeye aliona kitu ambacho sisi walimu hatukukiona. Aliangalia chini. "Bako miguu tupu," akasema. "Ngozi yote ilikwenda kwa risasi. Kwa miguu, hapana." Ni kweli. Mkanda ni wa ngozi, mfuko ni wa ngozi, na miguu iliyotembea mpaka Tabora iko juu ya udongo. Ilihitaji fundi viatu kutuonyesha.

Kazi ya ngozi yenyewe

Kuanzia hapo tuliacha mikoba ya manyoya. Tuliamua kutengeneza mikanda 12, mifuko ya risasi 12, na mikoba midogo ya ngozi ya mbuzi 6 kwa ajili ya posho na vitu vya askari. Tunasema wazi kwamba mikoba hii 6 ilikuwa ya kujifunzia mkono. Si nakala ya kitu tulichokiona katika picha. Tunaandika hapa namna tulivyofanya, ili wengine wasianze na sifuri.

Ngozi ya mbuzi mmoja hutoa karibu nusu meta mraba, inayotosha mkoba mmoja mdogo. Tulinunua ngozi mbichi kwa wachinjaji, tukazipaka chumvi siku ileile, kwa sababu katika joto la kwetu ngozi isiyo na chumvi huanza kuoza upesi. Kisha tuliziloweka katika maji ya majivu kwa siku kadhaa mpaka nywele zikaanza kutoka zenyewe. Tulizikwangua kwa kisu kisicho kikali sana, pande zote mbili, tukaziosha mpaka maji yakawa safi.

Kwa kuzigeuza kuwa ngozi isiyooza tulitumia maganda ya mti wa mapera, yanayopatikana kila kiwanja. Maganda yana ile dawa inayokaza ulimi mtu akiyatafuna. Ndiyo inayokaza na ngozi. Siri ni kuanza na maji mepesi na kuongeza nguvu kila juma. Ukianza na maji makali, ngozi hukauka juu na kubaki mbichi katikati. Sisi tulikaa majuma 5. Kisha tukazitandaza kivulini, tukazipaka mafuta kidogo kidogo na kuzisugua kwa mkono.

Kwa mikanda, ngozi ya mbuzi haifai: ni nyembamba na inavutika. Papa alitukatia ngozi ya ng'ombe, upana wa sentimeta 4. Alituonya tusipunguze upana wa mikanda ya mabegani, maana mkanda mwembamba unakata bega kama kamba.

Kushona alitufundisha kwa sindano mbili na uzi mmoja. Unatoboa tundu kwa chuma chembamba, unapitisha sindano moja kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia katika tundu lilelile, unavuta kwa nguvu sawa. Tundu kwa tundu kuna nafasi ya milimita 4 au 5. Mshono wa namna hii, uzi ukikatika mahali pamoja, kwingine kunashika. Uzi tulioutumia ni ule wa wavu wa samaki, tukaupaka nta ya nyuki. Wanafunzi wa kike walikuwa na mkono mzuri kuliko sisi wote, na tusione haya kuliandika.

Tena tupate kusema hasara yetu. Tulimaliza mikoba 4 mwishoni mwa Septemba tukaifungia katika kabati ya shule. Mvua za Oktoba zikaja. Tulipofungua kabati, mikoba ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na mshono mmoja ulikuwa umeliwa na panya. Tuliifuta, tukaikausha juani asubuhi, tukaipaka mafuta tena. Papa alicheka sana: "Munaona? Pori haipendi ngozi." Siku ile tulielewa, kwa pua zetu, kwa nini vifaa vya ngozi vilikuwa taabu katika inchi ya mvua, na kwa nini majeshi yaliendelea kugeukia turubai na pamba.

Pagazi hana mkoba

Lakini swali la Papa lilikuwa bado linatufuata. Kama askari alibeba risasi, posho ya siku chache na blanketi, basi mahema, masanduku ya risasi, unga, mchele, dawa na vipande vya mizinga vilibebwa na nani?

Mali ya vita iliyopita kwetu ilipanda mto kwa mashua za mvuke kutoka Léopoldville, zaidi ya kilometa 1,700. Hapa Stanleyville ilipakiwa katika gari la moshi la Ubundu, ile njia ya kilometa 125 iliyofunguliwa mwaka wa 1906 kwa kukwepa maporomoko. Mahali ambapo mashua na gari la moshi havikufika, ilibaki shingo ya mtu. Hesabu inayotajwa ya wapagazi wa Kongo kwa vita nzima ni karibu 260,000. Askari waliokwenda upande wa Tabora mwaka wa 1916 walikuwa karibu 12,000. Hesabu hizo mbili hazikupigwa kwa njia moja: moja ni ya miaka yote, nyingine ya safari moja. Hata hivyo mwanafunzi yeyote anaona ni upande gani watu walikuwa wengi.

Mzigo wa kawaida wa pagazi ulikuwa kati ya kilo 25 na 30. Watu wa pori la joto walipandishwa milima ya Kivu yenye baridi, wakila chakula wasichokizoea, wakalala bila blanketi ya kutosha. Kuhara, ugonjwa wa mapafu na njaa viliwaua kwa maelfu. Kwao hakukuwa na mkanda wa ngozi wala mfuko wenye kifuniko. Walikuwa na kamba ya ganda la mti, kata ya majani kichwani, na fimbo ya kushikilia.

Ndiyo maana tunasema kumbukumbu yao imebaki zaidi katika maneno kuliko katika vitu. Tunaposema posho, tunaposema nyampara, tunaposema kapita, tunaposema safari, tunasema maneno ya watu wa mizigo. Mengine yalikuwa njiani hata mbele ya Wabeleji, wakati wa Tippu Tip, aliyewekwa kuwa wali wa hapa mwaka wa 1887, na pembe zake zilikwenda pwani juu ya mabega ya watu. Bendera zilibadilika. Mzigo ulibaki.

Siku yenyewe

Tulibadilisha defile. Badala ya askari 12 tulitoa 6, na nyuma yao wapagazi 30, wavulana na wasichana, kila mmoja na kitunga au sanduku. Hatukuwapa watoto mzigo wa kilo 25. Tuliwapa kilo 5 za mchanga. Ila sisi walimu wawili tulibeba kilo 25 kamili, kwa kamba ya kichwa, na wote pamoja tukatembea kilometa 5 mpaka kiwanja cha shule.

Wale 6 wa mbele walikuwa wazuri, mikanda inang'aa, miguu tupu kama katika picha. Nyuma ya kilometa 2 hivi, hapakuwa tena na wimbo. Sisi wawili shingo zilikuwa zimekaza, hatukuweza kugeuza kichwa kumsalimia mtu njiani. Pagazi wa kweli alifanya hivyo kila siku, kwa majuma na miezi.

Tulipofika, mwalimu akasoma historia: Tabora kwanza, halafu chikoti, halafu wapagazi. Papa fundi viatu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Tulimwomba avue kitunga kichwani mwa mwanafunzi wa mwisho. Alikivua, akakiweka chini polepole, akasema neno moja: "Pumuzika." Hakulisema kwa mtoto peke yake.

Yule mama naye alikuja. Mtoto wake hakuvaa nguo ya askari; alikuwa pagazi, na yeye mwenyewe alikubali hivyo. Kwisha kwa sherehe alituambia: "Hii sasa naweza kuitazama." Hatuandiki hayo kwa kujisifu. Tunayaandika kwa sababu bila kukataa kwake tungepitisha defile nzuri ya uongo.

Tunachowaomba wasomaji

Ndugu msomaji, ukitaka kutengeneza upya kitu cha wazee, shona vizuri, pima vizuri, tafuta picha ya watu wa kwako mbele ya kuiga ya wengine. Lakini ukimaliza kukishona, uliza swali la pili: kando ya mwenye kitu hiki, nani alikuwa anatembea bila kitu?

Mikanda na mikoba ile tunaitunza, imetundikwa mahali penye hewa, mbali na kabati. Kando yake tumetundika kamba moja ya ganda la mti. Wageni huuliza kwanza juu ya ngozi, kisha wanauliza kamba ni ya nini. Hapo ndipo somo linaanza.

Kama katika familia yenu kuna mzee anayekumbuka jina la babu aliyekwenda kubeba mizigo ya vita ile, au ile ya 1940–1945, muandike lile jina, na kijiji, na njia aliyopita, na umri aliokuwa nao kama unajulikana. Daftari ya shule inatosha. Vitu vya ngozi panya hula, na wazee wanaondoka. Jina lililoandikwa linaweza kumngojea mjukuu ambaye bado hajazaliwa.